Vigingi Juu ya Intumba

Tulikwisha kuipita Malangali na Sumbawanga imebaki nyuma yetu, ndipo meneja akasema amesahau kofia yake ngumu ofisini.

"Turudi?" nikamuuliza.

"Endesha tu, Mzee Zenon. Kofia haiongezi waya."

Jana yake msimamizi wa mkandarasi alikuwa amempigia simu kutoka Kalundwe, kijiji cha ndani ukishaiacha lami pale Mpui, kumwambia kwamba waya wa umeme umekwisha kabla ya kufika zahanati. Si kwamba ulipungua kidogo. Ulikwisha karibu kilomita mbili kabla. Na wakaguzi wa Dodoma walikuwa wanakuja baada ya siku kumi na moja kuona taa ya zahanati hiyo ikiwaka.

Meneja jina lake Anyitike, mwanamke wa Mbeya, umri wa binti yangu wa pili, yule tunayesalimiana naye kwa simu tu. Nilikuwa dereva wake kwa mwaka na nusu, na muda wote huo sikuelewa meneja wa programu ya umeme vijijini anafanya nini. Mpimaji anapima. Kibarua anachimba shimo. Fundi anapanda nguzo. Yeye alikuwa na kompyuta yenye jedwali, na kila mstari wa jedwali una rangi: kijani ni kwema, njano ni kuombea, nyekundu ni msiba. Kazi yake, kwa kadiri nilivyoiona kwenye kioo cha gari, ilikuwa kuigeuza njano kuwa kijani kwa kupiga simu.

Sikumdharau. Nimewaendesha watu wa kila namna: wanunuzi wa mahindi, wagombea ubunge, padri mmoja aliyekuwa akifanya ishara ya msalaba kila nikikata kona, mpaka nikaona ananitukana. Huyu Anyitike alikuwa na adabu, na chakula chake alikuwa akikigawa katikati. Lakini safari yake ya kazi ilinichekesha. Alianza kwa kusoma mita nyumba kwa nyumba huko Mbeya, akikimbizwa na mbwa. Akaingia mradi wa makaa ya mawe. Ukakwama, akapanda cheo. Akahamia wa jotoardhi. Walichimba chini sana wakapata maji ya kuogea, akapanda cheo. Akaenda wa upepo. Walipima miaka mitatu wakathibitisha kwamba upepo upo, jambo ambalo mchunga mbuzi yeyote angewaambia bure. Akapanda tena, akaletwa kwetu. Wenzake wa Mbeya walimuaga kama anakwenda vitani, kwa hizo hadithi zao kuhusu Wafipa kumtumia mtu radi.

"Miaka kumi na minne kwenye nishati, mzee wangu," aliniambia siku moja njiani kwenda Matai, "na sijawahi kuona taa hata moja ikiwaka kwa kazi yangu."

"Labda una mkosi."

"Nina shahada ya uzamili."

"Havipingani hivyo."

Sasa mambo yake yote yalikuwa yamelala Kalundwe. Taa ikiwaka mbele ya wakaguzi, anakwenda Dodoma kuwa mkuu wa programu zote za kanda. Isipowaka, mkataba wake unaisha Septemba na hakuna wa kuuongeza. Aliniambia mwenyewe, bila kulia, kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

Tukaacha lami Mpui, tukala vumbi nusu saa, tukapanda kilima kile ambacho ukifika juu unaiona Kalundwe yote. Akaniambia nisimame. Tukashuka.

Nguzo zilikuwa zimesimama toka barabarani hadi kijijini, mpya, nzuri, na zilikwenda kama ng'ombe anayechungwa na watu watatu wasioelewana. Kushoto mpaka kwenye mto. Kulia mpaka nyuma ya kanisa. Moja ilikuwa imezungukwa na migomba. Mahali pamoja waya ulikuwa umefanya kama unarudi Mpui, kisha ukabadili mawazo.

Anyitike akafungua kompyuta juu ya boneti. Mchoro wake ulikuwa mstari mmoja ulionyooka kama rula.

"Nilithibitisha kila nguzo kwa picha," akasema. "Nguzo moja, picha moja."

"Basi hukukosea. Hakuna nguzo hata moja iliyopinda."

Akanitazama kama mtu anavyolitazama gari lililokataa kuwaka.

Chini tulimkuta Gift, msimamizi wa mkandarasi, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua, amekaa juu ya gurudumu tupu la waya.

"Gift, hii njia umeitoa wapi?"

"Kwenye vigingi, dada. Kigingi kiko hapa, nachimba hapa. Kingekuwa juu ya altare ningemwomba padri asogee."

"Na vipimo kwenye mashine?"

"Mashine aliondoka nayo mpimaji. Mimi niliachiwa vigingi."

"Hukuona inapinda?"

"Niliona. Nikasema wakubwa wana sababu. Wakubwa huwa na sababu."

Tukaifuata njia kwa miguu mpaka kwenye nguzo iliyosimama hatua nne kutoka kwenye mlango wa nyumba. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja, Dominika, amekaa kwenye kigoda anapepeta ulezi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmekuja kuutazama umeme wangu?"

"Bibi, hii nguzo ilitakiwa iwe kule shambani kwako."

"Ndiyo. Kigingi kilikuwa kule, juu ya intumba. Sasa mvua iliponyesha ningefanyaje?"

Anyitike akanigeukia mimi, kwa kuwa nimezaliwa upande wa Matai na Kifipa nakijua. Nikamweleza kile ambacho mtoto wa huku anakijua kabla ya kuota meno. Mvua zikikaribia kuisha, Mfipa analima majani na udongo wake, anavigeuza kuwa vichuguu vya mviringo, majani yanaozea ndani. Hizo ndizo intumba. Kiangazi chote zinakaa shambani, mamia kwa mamia, unaweza ukadhani zimekuwepo tangu Adamu. Mvua ya kwanza ikipiga mwezi wa kumi na moja, zinavunjwa, udongo unatawanywa, ulezi unapandwa. Haibaki hata moja.

Sasa mpimaji wetu alikuwa Tito, mtoto wa lami. Alikuja Juni mwaka jana. Juni ardhi ya huku ni tofali lililochomwa; kukipigilia kigingi utatoa jasho la mwaka. Lakini juu ya intumba udongo ni laini, nyundo moja tu kimezama, tena kinaonekana kutoka mbali. Tito alimaliza njia yote kwa siku tatu, maana Jumamosi alikuwa na harusi ya rafiki yake. Kwenye jedwali mstari ule ukawa kijani.

"Nawe mwenyewe ulikuja mkutanoni," Dominika akamwambia. "Ulivaa kizibao kinachong'aa. Ulisema vigingi ni mali ya serikali na kikipotea, mwenye shamba atajibu."

"Nilisema hivyo."

"Basi. Tunavunja intumba, kigingi kinaanguka. Nikiache kiliwe na mchwa? Tulikipaka majivu na oili chafu ya mashine ya kusaga, tukakisimika hapa mlangoni nikione kila asubuhi."

"Na wengine?"

"Wengine mpakani mwa shamba. Wengine mtoni, kwenye kivuli. Kila mtu kwa akili yake. Hakikupotea hata kimoja, mwanangu. Kahesabuni."

Anyitike akakaa chini, kwenye kinu kilicholazwa. Dominika akamsogezea kata ya togwa, maana alimwona amebadilika rangi.

Mtandao wa Kalundwe uko mahali pamoja tu, nyuma ya kanisa, na hata hapo unatakiwa uiinue simu juu kama padri anavyoinua hostia. Kwa hiyo Anyitike alipompigia mkurugenzi wake, Bwana Abel wa Dodoma, aliweka sauti ya nje, na mimi nikasikia kila kitu. Alimweleza yote, na intumba.

"Wanakijiji wamehamisha vigingi?" Abel akauliza.

"Wamehamisha, lakini—"

"Basi una bahati. Hiyo inaitwa kuhujumu miundombinu. Nataka majina na saini. Polisi watachukua wawili watatu, sisi tunaongezewa miezi sita kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu, mstari wako unabaki kijani. Unakuja Dodoma."

"Ni wazee, mkurugenzi."

"Wazee nao wana saini."

"Na Tito?"

"Tito yuko Songea, ana cheo kingine. Usichanganye mambo."

Anyitike akashusha simu. Mtandao ukakatika, na haukuwa na haja ya kurudi.

Kesho yake, Jumamosi, mwenyekiti wa kijiji, Baltazari, aliitisha mkutano kwenye ghala la mahindi. Anyitike alisimama mbele na karatasi yake. Njiani alikuwa amenieleza anavyotarajia: watakana, watatupiana, atapata majina mawili au matatu ya kubahatisha, na dhamiri yake itagawana lawama na ubishi wao.

"Nataka kujua," akasema, "ni nani kati yenu aliyekitoa kigingi mahali pake."

Ghala zima likanyoosha mikono.

"Mimi vitatu," akasema mzee Kasimiri, akijisogeza mbele.

"Viwili," akasema Rozina, jirani yake. "Cha tatu nilikilinda mimi. Yeye alikuwa kilabuni."

"Nilikuwa nacho kilabuni. Kila nilipokwenda kunywa kimpumu nilikwenda nacho. Muulizeni mwenye kilabu, kilikuwa na kiti chake."

"Kilikuwa kinakukokota kurudi nyumbani."

"Na kilifika salama, au hakikufika?"

Nimewaona watu wakiikimbia sensa, wakiikimbia chanjo, wakimkimbia paroko anayechangisha bati za kanisa. Sijawahi kuona watu wakipanga foleni kukiri kosa. Walidhani wanaandikwa kwa kusifiwa. Walisaini arobaini na mmoja, wengine kwa dole gumba, na Baltazari akaupiga kila ukurasa mhuri wa kijiji kwa nguvu kama anaua nge. Anyitike aliandika kwa mwandiko mzuri, kichwa chini. Kila alichokitaka Abel kilikuwa sasa ndani ya bahasha moja, tena na mhuri.

Tulipoondoka, Dominika akaomba lifti hadi Mpui, ana debe la ulezi anampelekea mwanawe. Akakaa nyuma, debe magotini. Hatujamaliza kupanda kilima akamgusa meneja begani.

"Jina langu umeliandika vizuri?"

"Nimeliandika, bibi."

"Lisome."

Akaitoa orodha akalisoma.

"Ongeza na la Victor. Mume wangu. Yeye ndiye aliyekiokota kile kigingi kwenye matope. Mimi nilitafuta majivu tu. Si haki nisifiwe mimi peke yangu."

"Yeye mbona hakuja mkutanoni?"

"Alikufa Januari."

Gari likapita mashimo mawili.

"Bibi, marehemu hawezi kusaini."

"Nitamsainia. Hata alipokuwa hai nilikuwa namsainia."

Anyitike akaandika kwenye goti lake, namba arobaini na mbili, akampa kalamu nyuma. Dominika akasaini mahali pa mumewe polepole, ulimi nje.

"Wanasema tutapewa vyeti," akasema.

"Wanasema vitaletwa na gari," nikasema mimi, "lenye nyavu madirishani."

"Zenon," akasema Anyitike. Hakuniita mzee.

Tulimshusha bibi Mpui na debe lake, akatubariki mpaka na matairi. Mbele kidogo Anyitike akaniambia niegeshe pembeni. Malori yakatupita, yakatutikisa.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi si wa kuulizwa. Kila palipokuwa pagumu mimi niliondoka. Ndiyo maana naijua nchi nzima."

"Hilo si jibu."

"Si jibu. Lakini na wewe si mgeni wa hayo. Makaa yalipokuwa yanakufa uliondoka. Maji ya moto uliyaacha yakitiririka. Tofauti yetu ni kwamba wewe wanakupandisha cheo."

Nilitegemea anifukuze kazi palepale. Hakunifukuza. Basi nikaona niimalize, maana ilikuwa inanikera toka jana.

"Tena nikwambie. Juni mwaka jana nilipokuleta, mimi nilikuwa nimekaa hapo garini. Niliviona vigingi juu ya intumba kwa macho yangu."

"Ulijua?"

"Nilijua mvua itakapokuja vitalala chini. Nikacheka peke yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na mimi nilikwisha kujizoeza kwamba mwenye kompyuta haambiwi kitu. Nilitaka nione mtafanyaje."

Akageuka akanitazama usoni kwa muda mrefu, na mimi nikautazama usukani, ambao nilikuwa naufahamu vizuri.

"Ningeweza kuandika jina lako," akasema. "Dereva alijua, akanyamaza. Ni kweli tupu."

"Andika. Saini ninayo."

Akafungua kompyuta magotini. Nilidhani ananiandika. Aliutafuta mstari wa Juni wa mwaka jana, ule wa vigingi, akaugeuza kutoka kijani kuwa nyekundu. Kisha mstari wa picha za nguzo, nyekundu. Kisha Kalundwe yote. Chini yake akaandika maneno machache, akaniuliza kama mtu wa kawaida atayaelewa. Nikayasoma kwa kidole: *Vigingi viliwekwa juu ya matuta ambayo wakulima huyavunja kila mwaka, kama ilivyo desturi yao. Meneja alithibitisha kazi hiyo bila kuitembea njia. Wanakijiji walivitunza vigingi kama alivyowaagiza.*

"Nimeelewa hata mimi," nikasema.

"Basi Dodoma watauliza maana yake."

Akaituma taarifa palepale, Mpui mtandao ni mzuri, kwa bahati yake mbaya. Abel alipiga simu kabla hatujaondoa gari. Hakuweka sauti ya nje safari hii, lakini hakukuwa na haja.

"Ndiyo, mkurugenzi," akasema. "Najua. Najua Septemba. Hapana, majina sina." Bahasha ilikuwa mapajani mwake.

Jumatatu tulirudi Kalundwe. Sasa alikuwa na siku nane mpaka wakaguzi, na programu iliyokwisha kuwa nyekundu, kwa hiyo hakukuwa na rangi ya kuiogopa. Alimwomba Baltazari aite msaragambo, kazi ya pamoja ya kuhamisha nguzo, na orodha ya kuwaitia watu alikuwa nayo tayari. Aliwaambia ukweli wote, na majina yale yalikuwa yametakiwa kwa kazi gani. Kasimiri akauliza kama kilabuni nako kungepekuliwa. Rozina akasema wangekamatwa wote nani angevuna, na kwamba Dodoma kuna watu wa ajabu. Kisha wakaenda kuchukua mitaimbo.

Hawakuweza kuinyoosha njia yote. Walichagua sehemu tatu zilizopinda kuliko zote, nguzo ishirini na mbili, ili waya utoshe kufika zahanati. Anyitike aliitembea njia mwenyewe na kamba, kilomita zote tisa, kwa viatu vya ofisini, na vigingi vipya vilipigwa kwenye ardhi yenyewe, ile ya tofali, kando ya njia ya ng'ombe ambako hakuna anayelima. Kigingi kimoja watu wawili na mtaimbo, robo saa. Gift alinung'unika kwamba kazi hii haiko kwenye mkataba wake.

"Wakubwa wana sababu," Dominika akamwambia, akamkabidhi ndoo ya kubebea mawe.

Wakaguzi walikuja Jumanne kama walivyoahidi. Walikuta nguzo tisa zimelala chini, waya umekunjwa njiani, meneja ana udongo mpaka kwenye nyusi. Waliuliza iko wapi taa. Akawaonyesha ilipo, haijawaka. Waliandika nyekundu, ambayo tayari ilikuwa imeandikwa, wakala kuku wa mwenyekiti, wakaondoka.

Umeme ulifika zahanati Alhamisi, saa tano asubuhi, jua kali. Hakuna aliyejua kwamba taa imewaka. Muuguzi, Sista Monika, ilibidi afunge madirisha ya chumba cha kujifungulia ndipo tukaiona. Anyitike alisimama chini yake kati ya maboksi ya glovu, akaitazama.

"Ndiyo hii tu?" akauliza.

"Ndiyo hii," nikasema.

Aliendelea kuitazama. Sista Monika akamwomba asogee kidogo, kuna mama anasubiri kuingia. Akasogea, na mimi nikaenda kuwasha gari.

Mkataba wa Anyitike uliisha Septemba na haukuongezwa. Dodoma alipelekwa mtu mwingine. Yeye yuko Mbeya kwenye kampuni ndogo ya sola, cheo chake ni mratibu, juu yake kuna meneja wa programu mwenye miaka ishirini na tisa. Abel yuko palepale. Tito amepanda cheo tena. Gift alioa Sumbawanga, anafanya wayaringi ya majumbani. Baltazari alishindwa uchaguzi wa kijiji kwa kura sita. Kasimiri alikufa mwaka uliofuata, kwa ini. Rozina ana mashine ya kusaga inayotumia umeme, na watu wanalalamika kwamba foleni yake haina haki. Dominika ana taa mbili, moja hajaifunga. Transfoma ya Kalundwe iliungua Machi, ikabadilishwa Mei. Nguzo zilizobaki bado zinapita mtoni na nyuma ya kanisa. Mimi niliacha kazi ile Oktoba, naendesha lori la mahindi kati ya Matai na Kasanga.